Muulize Mzee wa Masijala: Nimelalamika, wameniteua kwenye kamati

Safari hii barua nyingi zimekuja na kilio kimoja, kwa hiyo nimezifungulia jalada moja. Kwa wageni wa ukurasa huu: nilikuwa karani, baadaye msimamizi wa masijala katika wizara moja hapa Dar es Salaam, kuanzia 1978 hadi nilipostaafu. Malalamiko ya kila aina yamepita mikononi mwangu, yaliyopigwa taipu, yaliyoandikwa kwa mkono, na moja lililoandikwa nyuma ya karatasi ya kalenda. Watu hudhani serikali huchana barua za wakorofi. Sijaona iliyochanwa. Zote tulizipa namba.

*Shikamoo Mzee. Nauza mchele na maharage katika soko moja la hapa mjini. Mwaka jana tulipandishiwa kodi ya vizimba wakati choo kimefungwa na taka hazizolewi. Nikasimama kwenye mkutano nikasema, video ikasambaa, hadi redio zikanitafuta. Mwezi uliopita nikaletewa barua: nimeteuliwa mjumbe wa Kamati ya Kupitia na Kuchakata Maoni ya Wadau wa Masoko. Tumeshakaa vikao viwili, chakula kizuri na posho inalipwa palepale. Ila wenzangu sokoni wameanza kuniita "mheshimiwa", na wakiniita hawacheki. Nifanyeje?* — Mama Mchele, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu, na pole kwa uteuzi.

Kwanza itafute ile barua, usome hadidu za rejea. Najua hukuzisoma, huwa zinakuwa ukurasa wa pili na ukurasa wa pili hausomwi na mtu aliyefurahi. Nina hakika kubwa utakuta kitu kama hiki: "Kupitia utaratibu wa utozaji na kupendekeza namna bora ya kuuwasilisha kwa wafanyabiashara." Umeona? Wewe ulisema kodi ni kubwa na choo kimefungwa. Kamati yako imeundwa kutafuta namna nzuri ya kukwambia kodi ni hiyohiyo. Ukilileta la choo, Mwenyekiti atakwambia kwa upole kabisa kwamba hoja ni ya msingi sana, ila iko nje ya hadidu za rejea. Na atakuwa sahihi, maana yeye ndiye aliyezipitisha.

Pili, mwangalie Katibu wa kamati. Si mjumbe, hapigi kura, anakaa pembeni na daftari, na kwa kawaida anatoka ofisi ileile iliyopandisha kodi. Huyo ndiye kamati. Nyinyi wengine ni mahudhurio. Nimesoma mihtasari ya vikao kuliko nilivyosoma magazeti, na sijawahi kukutana na mtu aliyepaza sauti ndani yake. Mama akisimama akasema, "Mnatutoza kama wenye maduka ya Kariakoo, halafu tunajisaidia kwenye makopo, hamna haya?", muhtasari utaandika: "Mjumbe alishauri huduma za usafi sokoni ziendelee kuboreshwa." Jina lako lipo, hoja yako ipo, hata shukrani utaikuta. Miaka mitano baadaye mtu akifungua jalada atakuta kwamba ulikuwa unawapongeza.

Sasa nikwambie siri ya masijala. Kuna alama mbili zinazoandikwa juu ya jalada. Ya kwanza ni P.A., maana yake limekwisha, lirudi kabatini. Ya pili ni B.U. na tarehe, maana yake liletwe tena mezani siku hiyo. Nilipokuwa kijana nilidhani wakorofi wanaandikiwa P.A. Wapi! Wakorofi wanaandikiwa B.U. Tarehe ikifika nalitoa kabatini, nalipeleka kwa bwana mkubwa, analifungua, anaandika "Suala linaendelea kushughulikiwa, B.U. mwezi ujao", nalirudisha. Kuna jalada moja la wakulima waliodai fidia ya shamba nililipandisha na kulishusha ngazi zile mpaka jalada lenyewe likavunjika mgongo, tukalifungulia Juzuu ya Pili. Hakuna aliyewakatalia wale wakulima. Hata siku moja.

Usijiuzulu bado. Katika ajenda ya kila kikao, ya pili au ya tatu huwa "Kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita". Hapo ndipo penye nguvu zako zote, na ndiyo maana karatasi hizo hugawiwa asubuhi ileile pamoja na chai na sambusa, mkono mmoja ukiwa na kikombe. Weka kikombe chini. Soma. Inua mkono useme: "Mwenyekiti, ukurasa wa tatu, maneno yangu hayakuwa haya," kisha uyataje yaliyokuwa, na ukatae kikao kisonge mpaka yaandikwe. Watakuchukia. Ila yataingia, na yakiingia yana folio, yaani namba yake ndani ya jalada.

Posho chukua, mchele wako hauuziki ukiwa kikaoni. Jioni hiyohiyo itangaze sokoni ni shilingi ngapi, kabla hawajaanza kukisia, maana wakikisia watazidisha. Na wenzako wakitaka kwenda tena kwa Mkurugenzi kupiga kelele, usiwaambie watulie kwa sababu kamati inafanya kazi. Ulichaguliwa kwa ajili ya sentensi hiyo tu.

*Mzee, mimi ni afisa katika halmashauri moja, jina nihifadhie. Tuna mfanyabiashara mmoja wa kike sokoni ana mdomo sana. Tumemwingiza kwenye kamati lakini bado anaongea. Unatushauri nini?* — Afisa Biashara

Ndugu Afisa, sijui kama ni mama huyuhuyu, masoko ni mengi na kamati ni nyingi zaidi. Mlichobakiza ni warsha. Mpelekeni Morogoro siku tatu: ni mbali kiasi cha kufunga kizimba, ni karibu kiasi cha kutolipiwa ndege. Mgawanyeni katika vikundi, apewe bangokitita na kalamu nyekundu aandike Changamoto, kisha kalamu ya kijani aandike Mapendekezo. Atakayeripoti kwa niaba ya kikundi awe mtu wenu. Picha ya pamoja, yeye katikati karibu na mgeni rasmi, mumpe na cheti cha ushiriki.

Yale makaratasi ya bangokitita msiyatupe. Mimi nilikuwa nayakunja na kuyaweka nyuma ya mlango, na masika yakifika nayafunika juu ya majalada, bati la wizara lilikuwa linavuja. Kalamu nyekundu inachuruzika ikilowa, ya kijani inastahimili.

*Shikamoo Babu. Babu yangu mzaa baba alikuwa mpakua mizigo bandarini na anasema enzi zao waligoma kweli. Nikimuuliza mbona siku hizi hamna, anajibu, "Tulidai mgomo wakatupa bendi." Halafu anacheka peke yake. Ana maana gani?* — Mjukuu, Temeke

Marahaba mjukuu wangu. Babu yako hajachanganyikiwa, amekupa historia nzima kwa maneno manne.

Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika viliungana katika shirikisho lililoitwa TFL, na katibu mkuu wake alikuwa Rashidi Kawawa. Lilikuwa na meno: bandari, reli, mkonge, wapishi wa Wazungu, wote walijua kuweka zana chini, na TANU ilifaidika sana na migomo hiyo wakati wa kumdai Mwingereza uhuru. Uhuru ukaja Desemba 1961. Januari 1962 Kawawa akawa Waziri Mkuu. Na mwaka huohuo wa 1962, chini ya serikali iliyoongozwa na katibu mkuu wa zamani wa wafanyakazi, ikapitishwa sheria ya migogoro ya kazi iliyozungusha mgomo kwenye usuluhishi na mabaraza mpaka ukawa karibu hauwezekani kisheria. Nani angeijua njia ya kufunga mlango kuliko aliyezoea kuufungua?

Alikuwepo mkorofi wa kweli, Christopher Kasanga Tumbo wa chama cha reli, mbunge pia. Huyo hakutaka vyama vya wafanyakazi viwe mkia wa TANU. Unadhani alifungwa? Mwaka 1962 alifanywa mwakilishi wetu London. Suti, gari, baridi, na maili elfu kadhaa kati yake na stesheni yoyote ya reli ya Tanganyika. Nakiri kwamba kama msanii wa kazi hiyo naiheshimu sana hatua ile. Ila Tumbo alikuwa na kasoro moja, alijiuzulu mwaka huohuo, akarudi kuanzisha chama cha upinzani. Mtu akikataa kiti cha London, ofisi hubaki na aina ya pili tu ya kiti. Akakimbilia Mombasa, na Januari 1964 akarudishwa nyumbani na kuwekwa kizuizini.

Januari hiyohiyo wanajeshi wa Colito, siku hizi Lugalo, waliasi. Viongozi wengi wa wafanyakazi wakakamatwa, na mwezi uliofuata TFL ikavunjwa. Pakaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, kilichojiunga na TANU, katibu mkuu wake akiteuliwa na Rais. Wa kwanza alikuwa Michael Kamaliza, ambaye wakati huohuo alikuwa Waziri wa Kazi. Tafakari jambo hili kama karani. Wafanyakazi wakiwa na dai, katibu mkuu wa NUTA anamwandikia Waziri wa Kazi. Waziri anaipokea barua, anaisoma, anaona mwandishi ni mtu makini sana, anamjibu. Mhudumu wa ofisi hana hata haja ya kuvuka barabara.

Na mwaka huohuo wa 1964 NUTA ikaanzisha bendi. NUTA Jazz, mjukuu wangu! Marehemu Muhidin Maalim Gurumo aliimba nayo hapo. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Kilipokuwa OTTU, ikawa OTTU Jazz. Leo mnaiita Msondo Ngoma. Mimi mwenyewe nimeicheza sana, na sitaruhusu mtu aikejeli mbele yangu, ni muziki mkubwa kuliko vyama vyote vilivyoufadhili. Ila muulize babu yako Jumamosi moja, akiwa na nafasi: kati ya vitu vyote alivyoundiwa mfanyakazi mwaka ule, ni kipi kilichokuwa na uhuru wa kupiga kelele?

*Ndugu Mzee, mwaka 2013 nilikuwa mjumbe wa Baraza la Katiba la wilaya yetu. Tuliijadili rasimu ya Jaji Warioba ibara kwa ibara, mimi nilitoa maoni yangu kwenye ibara za tunu za taifa na maadili ya viongozi. Nasubiri mrejesho.* — Mwalimu Mstaafu, Iringa

Ndugu Mwalimu, heshima yako. Umekaa vizuri? Endelea kukaa.

Nikukumbushe mtiririko, maana wadogo zetu wanaosoma hapa walikuwa shule ya msingi. Watu walikuwa wakidai Katiba mpya kwa miaka, wapinzani ndio waliobeba bango. Mwisho wa 2010 Rais Kikwete akasema sawa, tuanze. Alilolifanya hapo ni kulichukua dai la wapinzani na kulifanya mradi wa serikali, wenye sheria yake, bajeti yake na magari yake. Tume ya Jaji Warioba ikateuliwa 2012, ikazunguka nchi nzima, na nasema bila utani kwamba ilifanya kazi ya heshima. Desemba 30, 2013, rasimu ya pili ikakabidhiwa, ikiwa na Muungano wa serikali tatu.

Kisha ikapelekwa Dodoma, Februari 2014, mbele ya Bunge Maalum la watu zaidi ya 600. Wiki za mwanzo zilikwenda kwenye kanuni: kura iwe ya siri au ya wazi? Posho ilikuwa shilingi 300,000 kwa siku, baadhi ya wajumbe wakaona haitoshi, na suala hilo likaundiwa kamati. Kumbuka, hiyo ni kamati ya posho ndani ya Bunge la Katiba lililotokana na Tume. Niliposikia redioni nilisimama nikapiga saluti kiganja kikiwa kwenye paji la uso, mke wangu ni shahidi. Aprili wapinzani wa UKAWA wakatoka nje. Waliobaki wakaendelea bila kelele, na Oktoba ikapatikana Katiba Inayopendekezwa, yenye serikali mbili kama zamani. Kura ya maoni ilipangwa Aprili 30, 2015. Ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura haujakamilika. Tarehe mpya haijatajwa hadi leo. Mwaka 2023 tukaambiwa wananchi wapewe kwanza elimu ya Katiba kwa miaka 3. Yaani wewe, Mwalimu, uliyeichambua rasimu ibara kwa ibara, urudi darasani.

Tume iliyotangulia, ya Jaji Nyalali ya 1991, ilinifundisha jambo hili mapema. Waliohojiwa, karibu asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee, na Tume ikapendekeza vyama vingi, kwa hoja nzuri tu. Ikaambatisha na orodha ya sheria 40 kandamizi za kufutwa au kurekebishwa. Vyama vingi vikaanza Julai 1, 1992, upesi kama mkate wa moto. Zile 40? Nyingi ziliendelea kutumika miaka na miaka, zikiwashughulikia wanachama wa vyama vilevile vilivyoruhusiwa. Ndiyo kusema wapinzani walipewa uwanja, na filimbi ikabaki ilipokuwa.

Maoni yako ya maadili ya viongozi yamehifadhiwa vizuri, ndugu yangu. Kuhifadhi ndiko tunakojua.

*Shikamoo babu. Hapa Kenya kuna ripoti ya ukweli, haki na maridhiano. Wazee wetu walitoa ushahidi kuhusu mashamba yao Pwani. Hiyo ripoti iko wapi?* — Msomaji, Likoni

Marahaba. Iko. Ilikabidhiwa kwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 21, 2013, ni nene, ina mabuku kadhaa. Ilitakiwa ipite Bungeni ili itekelezwe, na Bunge halijawahi kuipitisha.

Ila wewe wa Pwani kuna sehemu yako. Kabla haijakabidhiwa, makamishna watatu wa kigeni walikataa kuiidhinisha sura ya ardhi, wakisema baadhi ya aya zilibadilishwa kwa shinikizo, zikiwemo zilizomtaja Rais wa kwanza na ardhi ya Pwani. Basi mtoa ushahidi akiwa ni mzee wa Likoni, aliyepokea ripoti ni mtoto wa aliyetajwa. Kazi yangu niliifanya miaka mingi, ila urahisi wa namna hiyo wa kupeleka jalada kwa mhusika sikuwahi kuupata.

*Mzee, vipi huko Bongo. Juni 2024 sisi tulijifunza kwenu na kwa wazazi wetu. Tukasema hatuna kiongozi, hatuna kabila, hatuna chama, ili asipatikane mtu wa kuitwa Ikulu kunywa chai. Mbona bado tumejikuta kwenye serikali jumuishi?* — Kijana wa Kayole, Nairobi

Kijana wangu, watu waliuawa katika maandamano yale, na upande huo sitauandikia mzaha. Nitajibu kuhusu makaratasi tu.

Mlifanya jambo ambalo ofisi yoyote inaliogopa: barua ya mwaliko ilikosa jina la mwalikwa. Jumanne Juni 25 mliingia Bungeni, na siku iliyofuata Rais Ruto akasema hatautia saini Muswada wa Fedha. Siku moja! Sisi huku tunahesabu sheria 40 tangu 1992. Halafu angalia ofisi inavyohangaika ikikosa mtu wa kumkalisha. Julai 5 Rais akaja mwenyewe kuwakuta mtandaoni. Likatangazwa kongamano la mazungumzo la watu 150, wengi wenu mkasema hamna wa kumtuma. Julai 11 Baraza la Mawaziri likavunjwa karibu lote. Kufika hapo viti vilikuwa vitupu na wageni hawajaja.

Kiti kitupu ofisini hakikai hivyo. Julai 24 vikatajwa vichwa vinne kutoka ODM, chama cha upinzani: John Mbadi wa Hazina, Opiyo Wandayi wa Nishati, Hassan Joho wa Madini, Wycliffe Oparanya wa Ushirika. Waliokohoa gesi ya machozi ni wengine, walioapishwa ni wengine. Wewe ulikataa kuteua mwakilishi, wakakuazimia wa jirani, mwenye uzoefu. Na Desemba mwaka huohuo baadhi ya vipengele vya kodi vilivyokuwa kwenye muswada mlioukataa vikarudi kupitia sheria nyingine, kimya kimya, wakati watu wanafikiria Krismasi.

Huko Kenya hii ni mila ya zamani, baba zenu watawaambia. KADU, chama cha upinzani, ilijivunja yenyewe Novemba 1964 ikaingia KANU, chama tawala. Mmoja wa viongozi wake, Daniel arap Moi, mwezi uliofuata alikuwa waziri, 1967 Makamu wa Rais, 1978 Rais, akakaa miaka 24. Huyo alimezwa akaishia kuwa tumbo. Machi 2002 NDP ya Raila Odinga nayo ikaingia KANU, yeye akapewa ukatibu mkuu. Kufika Oktoba alikuwa ametoka na kundi zima nyuma yake, na Desemba KANU ikaanguka. Kwa hiyo usiniambie kumezwa ni mwisho wa habari. Inategemea aliyemezwa alibaki na nani nje.

Swali lako ni kama mlikosea kukataa kiongozi. Mimi sioni mlikosea. Ila hamkuwa na wa kusimama Desemba akauliza, "Mwenyekiti, ukurasa wa tatu." Kiongozi si lazima. Msomaji wa mihtasari ni lazima, na anaweza kuwa mtu yeyote mwenye miwani na subira, hata bibi yako.

*Assalam alaykum Mzee wangu. Baba yetu alikuwa mpinzani mkubwa hapa Pemba, tangu utoto wetu nyumba yetu ilikuwa ya siasa. Baada ya umoja wa kitaifa alipata wadhifa, gari na dereva. Sasa tukilalamika bei ya mchele anatwambia tuwe na staha. Mama anasema ni uzee. Kweli?* — Binti wa Wete

Waalaykum salaam, binti yangu. Uzee hauleti staha, ungekuja kwangu ungeona. Hilo ni gari.

Sitamcheka baba yako. Watu wa Pemba walizika watu Januari 2001, na muafaka wa 1999 uliotangulia ulibaki karatasi, na wa Oktoba 2001 nao ukachoka njiani. Kwa hiyo Rais Karume wa Zanzibar na Maalim Seif wa upinzani walipokutana Ikulu Novemba 2009, na kura ya maoni ya Julai 31, 2010 ikapata asilimia 66.4 za ndiyo, na uchaguzi wa mwaka ule ukapita bila jeneza, baba yako alikuwa na haki ya kushusha pumzi. Amani ile haikuwa ya maigizo.

Ila Oktoba 28, 2015, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alipotangaza peke yake kufuta uchaguzi wote, chama cha Makamu wa Kwanza wa Rais, Maalim Seif, ndicho kilichokuwa kikisema kimeshinda. Kilikuwa ndani ya serikali miaka mitano. Kilikuwa na ofisi, bendera, walinzi, ving'ora. Tangazo likakifikia kupitia televisheni, kama wewe na mimi. Muulize baba, kwa staha hiyohiyo anayoitaka, katika miaka yake ya wadhifa aliwahi kuandika dokezo ambalo halikuhitaji mtu mwingine kulitia saini. Kama lipo moja, mwombe alisome mezani. La mchele lisubiri hapohapo mpaka amalize.

*Mzee, ukurasa huu unakatisha tamaa vijana. Kila kitu kwako ni mtego, ukikubali umemezwa, ukikataa wamemchukua jirani. Hutoi suluhisho, unacheka tu. Nimemwandikia Mhariri aufute.* — Msomaji Aliyechoka, Mwanza

Ndugu Msomaji, hoja yako ni nzito na nimeipa folio namba 47. Mhariri ameisoma kwa makini na ameridhia uteuliwe kuwa mjumbe wa Jopo la Ushauri la ukurasa huu. Kikao cha kwanza ni Alhamisi ya wiki ijayo saa nne asubuhi. Nauli ya basi kutoka Mwanza itarejeshwa ukileta tiketi, na tafadhali uje na namba ya NIDA pamoja na namba ya akaunti. Ajenda ya tatu ni pendekezo lako la kuufuta ukurasa. Katibu ni mimi.